Gari Linapokataa Ufunguo Wake: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Saa kumi na moja alfajiri ni wakati wa pilikapilika kwa anayebeba maziwa. Mikebe imejaa, lita za kila mkulima zimeandikwa, na mtambo wa kupozea uko mbali. Mwenye pikapu anaingiza ufunguo na kuuzungusha. Injini inawaka kwa sekunde moja hivi, kisha inazimika. Anarudia, inazimika tena. Betri ina nguvu, mafuta yamo, na jana jioni gari halikuwa na shida yoyote. Kitu kimoja tu kimebadilika: alipofika nyumbani jana, alihamishia ufunguo wake kwenye ganda jipya alilouziwa sokoni, kwa kuwa la zamani lilikuwa limepasuka.

Mafundi wa umeme wa magari wanaifahamu hali hii vizuri. Ganda jipya linapendeza na sehemu ya chuma imehamishwa, lakini chipu ndogo iliyokuwa imejificha ndani ya ganda kuukuu ilibaki humo, na ganda hilo likatupwa kwenye taka. Gari halijaharibika hata kidogo. Linakataa kuwaka kwa sababu halimtambui anayetaka kuliwasha. Mwenye gari asipojua hivyo, anaweza kuuziwa pampu ya mafuta, plagi na hata kompyuta ya injini kabla ya mtu kukumbuka kuuliza ganda la zamani liko wapi.

Malalamiko ya aina hii si machache tena, na sababu inaeleweka. Sehemu kubwa ya magari yanayonunuliwa na wananchi wa Kenya ni yaliyotumika, mengi yakitoka Japani kupitia bandari ya Mombasa, na sheria inaruhusu kuingizwa kwa gari lisilozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo magari yanayofika sasa ni ya kizazi ambacho ufunguo wake ni kifaa cha kielektroniki. Mengi huja na ufunguo mmoja tu. Hapo ndipo tatizo linapoanzia, hata kama mwenye gari atakaa miaka mitatu bila kuliona.

Kifaa kinacholizuia gari lisiwake huitwa imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo sana, wakati mwingine ikiwa na umbo la kipande cheusi chenye ukubwa wa punje ya mahindi, wakati mwingine ikiwa kijibomba cha kioo. Chipu hiyo haina betri. Kuzunguka tundu la kuwashia gari kuna koili ya waya ambayo hutoa mawimbi ya redio ya karibu kilohezi 125, na mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kujibu. Gari huuliza, chipu hujibu, na kompyuta hulinganisha jibu hilo na orodha ya funguo ilizosajiliwa. Jibu likikubalika, mafuta na moto wa plagi huruhusiwa. Likikataliwa, injini huzimika au haiwaki kabisa, hata kama meno ya ufunguo yanalingana na kitasa. Yote haya hufanyika kwa muda mfupi mno hata dereva hawezi kugundua.

Kifaa hiki kilibuniwa kwa ajili ya wezi waliokuwa wakivunja usukani na kuunganisha waya. Uingereza na Ujerumani zilianza kulazimisha magari mapya yawe nacho mwaka wa 1998. Kwa magari yaliyotengenezewa soko la Japani, kwa miaka mingi kilitegemea modeli na daraja la gari. Ndiyo maana magari mawili yanayofanana kwa umbo na rangi, yaliyoegeshwa yadi moja, yanaweza kutofautiana: moja lina chipu, jingine linawashwa kwa ufunguo wa kawaida unaochongwa kando ya barabara. Jirani akisema alichongesha wake kwa bei ya chini, huenda ni kweli, lakini gari lake si gari lako.

Jambo linalowachanganya wengi ni kuwa ufunguo mmoja hufanya kazi mbili zisizotegemeana. Rimoti ya kufungua milango hutumia betri ndogo ya volti 3. Chipu ya kuwashia haitumii betri. Kwa hiyo ufunguo wa kuingiza tunduni unaweza kufungua milango vizuri na ukakataa kuwasha injini, au ukawasha injini huku rimoti ikiwa imekufa. Anayesema ufunguo hauna shida kwa kuwa milango inafunguka hajasema lolote kuhusu chipu.

Kwa magari ya kubonyeza kitufe mambo ni tofauti kidogo. Rimoti yenyewe ndiyo inayozungumza na gari ikiwa mfukoni, na inahitaji betri kufanya hivyo. Betri hiyo kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hadi miwili. Ikiisha, dashibodi huonyesha kuwa ufunguo haupo ilhali dereva ameushika mkononi. Watengenezaji walilifikiria hilo. Ndani ya rimoti mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango, na kwenye magari mengi ya aina ya Toyota, Nissan na Mazda dereva hukanyaga breki, akakigusisha kitufe cha kuwashia na rimoti yenyewe, kisha akakibonyeza. Koili iliyo nyuma ya kitufe huisoma chipu bila msaada wa betri. Wapo waliolipa gari la kukokota usiku kwa kukosa kujua jambo hilo moja, nao walikuwa na dawa mkononi.

Kabla ya kumwita fundi, taa ya usalama kwenye dashibodi inafaa kuangaliwa kwanza. Mara nyingi ni nyekundu, na ina picha ya gari na kufuli au ya ufunguo. Gari likiwa limezimwa na kufungwa, taa hiyo humetameta polepole, na hiyo ni hali ya kawaida. Ufunguo ulio sahihi unapoingizwa na kuzungushwa hadi taa za dashibodi ziwake, taa hiyo inapaswa kuzimika. Ikiendelea kumetameta, au ikibaki ikiwaka, gari halijautambua ufunguo. Ikizimika kama kawaida na injini bado haiwaki, lawama huenda si za imobilaiza, na fundi aanze kutafuta kwingine: mafuta, moto wa plagi, fyuzi, au sensa za injini.

Sauti nayo husema mengi. Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini isiwake, au iwake na kuzimika baada ya sekunde moja au mbili huku taa ya usalama ikimetameta, dalili zinaelekea kwa ufunguo. Stata ikigugumia au ikatoa mlio wa tiki-tiki tu, tatizo ni betri kubwa ya gari au nyaya zake. Baadhi ya magari huzuia hata stata, kwa hiyo ukimya mtupu haumaanishi betri pekee. Betri ya gari iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikishuka karibu na volti 12, imeishiwa, na inapoishiwa kompyuta huweza kushindwa kuusoma ufunguo ulio mzima kabisa. Fundi anayeanza kwa kupima betri hajakosa ujuzi. Anaokoa pesa za mteja.

Betri ikiwa sawa, ufunguo utolewe peke yake kwenye kishada. Ufunguo wa gari jingine wenye chipu yake ukiwa karibu na tundu, chipu mbili hujibu kwa pamoja na gari huchanganyikiwa. Pete nene ya chuma nayo huweza kuzuia mawimbi. Kama kuna ufunguo wa pili, ujaribiwe. Jaribio hilo pekee hugawanya tatizo mara mbili: wa pili ukiwasha, wa kwanza ndio mbovu, ukikataa pia, huenda shida iko garini, kwenye koili, waya zake au kompyuta. Asiye na ufunguo wa pili hana namna ya kufanya jaribio hilo, na fundi wake atalazimika kukisia au kutumia mashine.

Kurudia kujaribu mara kumi na tano hakusaidii. Baadhi ya magari hujifungia kwa muda yakiona ufunguo usiotambulika ukijaribiwa mfululizo. Huo ndio wakati wa kuacha.

Kuna kisababishi kingine ambacho magari ya Kenya yanacho kwa wingi na ambacho hakimo katika kitabu cha mtengenezaji. Magari mengi yamewekewa alamu za ziada, vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti, au swichi ya siri iliyofichwa chini ya kiti na mmiliki wa kwanza. Vifaa hivi hukata umeme wa pampu ya mafuta au wa stata kwa njia yake, na havihusiani na chipu ya ufunguo. Gari lililonunuliwa kwa mkopo, au lililowekwa dhamana kwa mkopo wa logibuku, mara nyingi huwa na kifaa cha kufuatilia ambacho mkopeshaji anaweza kukitumia kulizima. Mwenye gari aliyechelewesha malipo anaweza kulipa fundi siku nzima kutafuta hitilafu ambayo iko kwenye ofisi ya mkopeshaji. Na aliyenunua gari mkononi mwa mtu anaweza kurithi kifaa ambacho hakuambiwa kipo. Fundi aambiwe mapema historia ya gari, hata ile inayoonea haya.

Tuseme sasa imethibitishwa kwamba ufunguo unahitaji kusajiliwa. Kazi hii, ambayo mafundi huiita kuprogramu, ina sura mbili, na tofauti kati yake ni kubwa mno kwa mfuko.

Sura ya kwanza ni kuongeza ufunguo wakati kuna mmoja unaofanya kazi. Fundi huunganisha mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, gari huutambua ufunguo uliopo, na mpya huingizwa kwenye orodha. Mara nyingi ni kazi ya dakika chache baada ya ufunguo kuchongwa. Wakati mwingine fundi haongezi ufunguo bali ananakili chipu ya zamani, na gari huona zote mbili kuwa ni ufunguo uleule. Kunakili kunawezekana kwa sababu usiri wa chipu nyingi za zamani ulishavunjwa. Mwaka wa 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya kampuni ya RSA nchini Marekani walionyesha kwamba aina moja ya chipu iliyokuwa ikitumika sana inaweza kuigwa. Nakala inafanya kazi, lakini ina kasoro moja: ufunguo wa asili ukiibwa, haufutiki bila kufuta nakala yake.

Sura ya pili ni pale funguo zote zimepotea. Hapo gari halina wa kumtambua. Fundi hulazimika kupata nambari ya siri ya gari, au kufungua kompyuta na kusoma kumbukumbu yake moja kwa moja kwenye ubao wa elektroniki. Kwa baadhi ya modeli ni lazima sehemu ibadilishwe. Kazi huchukua saa kadhaa au siku, gari huenda likakokotwa, na si kila gereji inaweza kuifanya. Gharama yake huwa kubwa mara kadhaa kuliko ya kuongeza ufunguo. Mwenye ufunguo mmoja leo yuko kwenye sura ya kwanza; akiupoteza kesho sokoni au shambani, yuko kwenye ya pili. Hakuna ushauri katika makala haya wenye thamani ya pesa kuliko huu wa kutengeneza ufunguo wa pili wakati wa kwanza bado unafanya kazi, kisha kuuweka nyumbani, si ndani ya gari.

Anayetaka kununua rimoti mtandaoni aangalie masafa yake. Rimoti za magari ya Japani hutumia mawimbi ya karibu megahezi 315, ilhali nyingi za Ulaya hutumia megahezi 433. Rimoti ya modeli ileile iliyotoka Uingereza inaweza kufanana kwa kila kitu, ikakataa kuzungumza na gari lililotoka Yokohama. Nambari iliyochapishwa ndani ya rimoti ya zamani ndiyo ya kufuatwa.

Uharibifu mkubwa hutokea wakati wa matengenezo yenyewe. Umeme ukishuka katikati ya kuandika kwenye kompyuta, kumbukumbu inaweza kuharibika na gari lililokosa ufunguo likawa gari lililokosa kompyuta. Fundi makini huunganisha chaja au betri ya pili kabla ya kuanza. Vilevile hakisii nambari ya siri, kwa kuwa gari huhesabu makosa na huweza kujifunga. Kuna pia mtindo wa kumtuma mteja akatafute kompyuta iliyotumika, na wengine husafiri hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kuitafuta. Kompyuta iliyotoka kwenye gari jingine inazijua funguo za gari hilo jingine. Isipolinganishwa na imobilaiza ya gari jipya, au isipokuja pamoja na kisanduku cha imobilaiza na ufunguo wake, tatizo litabaki palepale, na pesa zitakuwa zimekwenda.

Pendekezo la kuondoa imobilaiza kabisa nalo husikika, hasa kwa magari ya biashara ambayo hayawezi kulala. Inawezekana kufanyika, na gari litawaka. Baada ya hapo litawashwa na yeyote mwenye bisibisi na muda mchache. Kampuni ya bima iliyoambiwa kuwa gari lina kifaa cha kuzuia wizi huenda ikawa na maswali siku litakapoibwa, na mwenye gari afahamu hilo kabla ya kukubali.

Fundi anayeomba logibuku na kitambulisho kabla ya kutengeneza ufunguo hamdharau mteja. Yule asiyeuliza chochote ndiye wa kutiliwa shaka, maana atamtengenezea mwizi kwa urahisi uleule. Ufunguo ukipotea au kuibwa, mwenye gari aripoti kituo cha polisi na kuchukua nambari ya OB, hasa kama kishada kilikuwa na nambari ya gari au kadi yenye anwani. Kisha fundi aombwe kuufuta ufunguo uliopotea kwenye kumbukumbu, jambo ambalo halifanyiki lenyewe kwa kuongeza mpya. Mashine nyingi huonyesha idadi ya funguo zilizosajiliwa. Mwenye gari aombe kuiona idadi hiyo kabla na baada ya kazi, na awe na funguo zake zote mkononi, kwa sababu kwenye magari mengi kufuta huondoa zote na zilizopo husajiliwa upya. Kama ana funguo mbili na mashine inaonyesha tatu, wa tatu uko kwa nani?

Swali hilo ni muhimu zaidi kwa anayenunua gari lililotumika hapa nchini. Muuzaji anaweza kukabidhi ufunguo mmoja na kubaki na mwingine, kwa nia mbaya au kwa kusahau tu. Mnunuzi ahakikishe umiliki wa gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen, adai funguo zote, na aweke katika bajeti yake gharama ya kufuta zisizojulikana. Nambari ya siri ikipatikana wakati wa kazi, iandikwe na kuhifadhiwa pamoja na karatasi za gari. Itaokoa saa nyingi siku nyingine.

Kwa upande wa kaunti, Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la leseni za biashara na la vyuo vya ufundi vya vijijini. Gereji inayofanya kazi kihalali inapaswa kuwa na kibali cha biashara cha kaunti, na mteja ana haki ya kuomba kukiona. Cheti cha majaribio ya ufundi kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ni ushahidi mwingine wa ujuzi, ingawa wapo mafundi hodari wa jua kali waliojifunza mkononi na wapo wenye vyeti ambao hawajawahi kuigusa mashine ya funguo. Swali zuri la kumuuliza fundi ni kama amewahi kuprogramu ufunguo wa modeli hiyo na mwaka huo, na atafanya nini mambo yakienda kombo katikati.

Makubaliano yaandikwe: kazi gani, bei gani, sehemu zipi zitabadilishwa, na sehemu za zamani zirudishwe kwa mwenyewe, pamoja na ganda la ufunguo. Risiti itolewe. Ujumbe wa malipo ya M-Pesa uhifadhiwe, lakini hauelezi kazi iliyofanywa, kwa hiyo hauchukui nafasi ya risiti. Mteja ambaye gari lake limeharibiwa na fundi akakataa kuwajibika anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, mahali ilipofunguliwa. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60, na mlalamishi anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Aende na makubaliano yaliyoandikwa, risiti, picha za dashibodi zilizopigwa kabla na baada ya kazi, na maelezo ya fundi wa pili aliyelikagua gari.

Naye mwenye pikapu ya maziwa, aanzie kwenye pipa la taka. Ganda kuukuu likipatikana, chipu itolewe polepole kwa ncha ya kisu, kwa maana ile ya kioo huvunjika kwa urahisi, kisha iwekwe kwenye nafasi yake ndani ya ganda jipya. Akiwa na haraka, anaweza kuishikilia chipu kando kabisa ya tundu la ufunguo anapozungusha. Taa nyekundu ikizimika, injini itawaka, na maziwa yatafika kabla ya jua kuchomoza.